Washa Laini

Nati ilizunguka. Haikwenda mbali, robo ya mzunguko tu, lakini binti aliyekaa juu ya kiunzi, mkanda wa usalama umembana kiunoni, alijua kwamba haikupaswa kusogea hata kidogo. Spana ya kipimo aliyoishika ilikuwa na mpini wa mita nzima, na alikuwa ameiweka ilie nguvu ikifika mia nne. Boliti iliyokazwa sawasawa hukaa kimya, spana ikalia "ta!" kabla nati haijatikisika. Hii ilizunguka kwanza, ndipo spana ikalia. Akaitia alama ya chaki nyekundu, akahamia ya pili. Nayo ikazunguka.

Kiungo kile, kimoja kati ya viwili vya mguu wa tatu, kilikuwa na boliti kumi na sita. Alipozimaliza, zenye wekundu zilikuwa kumi na moja.

Chini, baba yake alikuwa amesimama mikono kiunoni, uso ameuelekeza juu. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa mafundi, mtu ambaye kwa miaka thelathini alikuwa hana kazi nyingine ila kuunga vyuma, mpaka jina lake likasahaulika na watu wote, wakubwa kwa wadogo, wakawa wanamwita Mzee Kaza. Mnara huu wa tangi la maji katika zahanati ya akina mama alikuwa ameujenga yeye na watu wake. Siku ya Ijumaa ungebebeshwa tani ishirini za maji. Na mguu wa tatu, pamoja na sehemu kubwa ya mguu wa nne, aliukaza kwa mikono yake mwenyewe.

"Ngapi?" aliuliza.

Kazini binti hakuwa akimwita baba. Walikubaliana siku ile ile alipofaulu mtihani wa ukaguzi: kazini ni Fundi na Mkaguzi, ubaba na uana ubaki nyumbani. Miezi minane hawakuwahi kukosea.

"Kumi na moja, Baba," alisema.

Nyundo zote pale chini zikanyamaza.

Injinia alitoka kwenye kibanda cha ofisi, akapanda, akajaribu nati mbili tatu kwa mkono wake, akashuka. Alikuwa kijana, umri wa kuzaliwa na Mzee Kaza, na hakuwa mtu mbaya. Kila mtu alijua mambo yalivyokwenda. Miguu miwili ya kwanza ilikazwa kwa spana ya kipimo. Kisha spana ile ikapelekwa mjini kusahihishwa, na miguu miwili ya mwisho ikakazwa kwa spana ya kawaida, kwa mkono na uzoefu. Na kila mtu alijua pia kwamba mwaka uliopita Mzee Kaza alikaa nyumbani wiki sita kwa sababu ya bega la kulia.

"Mzee wangu," injinia alianza, sauti ameilegeza kama mtu anayezungumza na mgonjwa, "hakuna aliyekosa hapa. Mwili una siku zake. Tutakaza upya miguu yote miwili kwa kipimo, leo hii, na yaishe."

"Mkono wangu haujawahi kukosea namna hiyo," Mzee Kaza alisema.

"Ndiyo, mzee wangu."

Fundi mmoja, jitu la miraba minne ambalo wenzake walilibandika jina la Redio kwa kuwa halizimiki, alijaribu kuokoa hali. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi! Mzee, wewe kaa utuelekeze. Sisi mikono tunayo, akili ndiyo ya kuazima."

Watu wakacheka kidogo, kwa adabu. Mmoja akaingia ofisini akatoka na kiti, kiti pekee kilichokuwemo, akakiweka kivulini. Mzee Kaza alikitazama kile kiti. Akaona kukikataa kungekuwa aibu kubwa kuliko kukikalia. Akakaa.

Mkunga mkuu wa zahanati alipita na sinia la vyombo, akasimama. Kwa miezi mingi yeye na wasaidizi wake walikuwa wakiteka maji kisima cha mbali na kuyabeba kwa ndoo hadi chumba cha kuzalishia. "Ijumaa bado ni Ijumaa?" aliuliza.

"Ijumaa ni Ijumaa, mama," injinia akajibu.

* * *

Nyumbani, mama mtu alikuwa ameshapata habari. Alikuwa mshonaji, cherehani yake iko barazani, na baraza la mshonaji halipitwi na neno. Mume alipoingia, mkewe hakumuuliza kitu. Alimpokea mfuko, akamwekea maji ya kuoga, akachemsha kitambaa cha kukanda bega.

"Nani kakwambia bega linaniuma?" mume aliuliza.

"Hakuna aliyesema linauma."

"Sasa kitambaa cha nini?"

"Basi nitapangusia meza," alisema mkewe, na kweli akapangusia meza.

Walikaa kula jioni ile wote watatu. Mama alichukua chupa ya achari, kifuniko kikamshinda, na bila kufikiri akamkabidhi binti. Kwa miaka yote ya ndoa yao vifuniko vya nyumba ile vilifunguliwa na mtu mmoja. Binti alikuwa ameshakifungua kabla hajaelewa alichofanya. Mama akaelewa pia, akafunika mdomo kwa kiganja. Mzee Kaza aliendelea kula, akachota achari, akasema ina chumvi nyingi.

"Mwanangu," alisema baadaye, akinawa mikono, "zile nati zilizunguka sana au kidogo?"

"Nyingine robo. Nyingine zaidi."

"Na zile alizokaza Redio kule mguu wa nne?"

"Nazo zilizunguka, Baba. Lakini hakuna aliyezitaja."

Baba mtu aliitikia kwa kichwa. Redio aliweza kubeba jenereta peke yake. Hilo swali alilichukua akaenda nalo chumbani, na mke alimsikia akijigeuza kitandani kwa muda mrefu, lakini kama ni bega au ni mawazo, hakuweza kujua.

* * *

Jumatano asubuhi binti alipanda tena. Hakutumwa na mtu. Kazi ilikuwa imeshaandikwa kwamba imekamilika, nati zote sitini na nne za miguu ile miwili zimekazwa Jumatatu kwa spana ya kipimo, na yeye mwenyewe ndiye aliyeisikia kila moja ikilia. Lakini swali la baba yake lilikuwa limemkaa kama mwiba wa samaki kooni.

Akaiweka spana kwenye mia nne, akavuta. Nati ikazunguka.

Safari hii hapakuwa na mkono wa kuulaumu. Alishuka akachukua spana nyingine, akapanda, akaifungua ile nati moja mpaka ikatoka, akaitoa washa iliyokuwa chini yake. Washa ni kipande kidogo, duara la chuma lenye tundu katikati, na kazi yake ni kupokea mgandamizo wa nati na kuutandaza, ili nati isizame kwenye chuma kinachofungwa. Kwa boliti ngumu kama zile, washa nayo inatakiwa iwe nene, ngumu, bapa kama sarafu mpya. Hii ilikuwa imebonyea katikati kama kisahani. Akaikwaruza kwa ncha ya msumari, msumari ukaacha mfereji.

Basi akaelewa. Nati ilikuwa imekazwa vizuri kabisa, kwa mkono, na kwa kipimo pia. Ila ilikuwa imekalia kitu laini, na kitu laini kikaendelea kunywea polepole baada ya watu kuondoka, na kadiri kilivyonywea ndivyo boliti ilivyolegea. Wangeweza kukaza kila Jumatatu mpaka mwisho wa dunia.

Alikwenda stoo. Mtunza stoo, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliipokea ile washa, akaigeuza, akairudisha haraka kama imemchoma.

"Hizi zilikuwa za kufungia mabati," alisema. "Washa ngumu ziliisha kwenye miguu miwili ya kwanza. Nilikuwa nimeagiza nyingine."

"Nani alisema zitumike hizi?"

Mtunza stoo alifungua daftari lake la kutolea vifaa, lakini hakuligeuza upande wa binti. Aliweka kidole kwenye mstari, akaanza kufuta vumbi lisilokuwepo. "Wingu lilikuwa limetanda siku ile. Mabomba ya kiunzi yalikuwa ya kukodi, yanadaiwa kurudishwa. Nilimwambia, hizi si ngumu. Akasema washa ni washa, kinachoshika ni nati. Akasaini." Akainua macho. "Mkaguzi, sikiliza. Watu wameshasema ni bega. Bega la mzee, nani atalisema vibaya? Mimi sijaona kitu."

Binti aliisoma saini kutoka upande wake, juu chini, akaitia ile washa mfukoni. Mchana kutwa aliisikia ikimgonga pajani kila alipopiga hatua.

* * *

Alisubiri wamalize kula. Jua lilikuwa halijazama bado na mama alikuwa anamalizia pindo la sare ya shule barazani. Binti aliiweka washa juu ya meza ya cherehani, katikati ya vipande vya kitambaa.

"Ya mguu wa tatu," alisema. "Niliikaza mwenyewe Jumatatu kwa kipimo. Leo nati imezunguka tena."

Mzee Kaza aliichukua. Hakuhitaji miwani wala msumari. Alipitisha kidole gumba juu ya kile kibonyeo, mara moja, mara mbili, halafu jambo la ajabu likatokea: akacheka. Alicheka kicheko ambacho hakikusikika nyumba ile tangu Jumapili. Akainua mkono wa kulia juu, akauzungusha begani mzunguko mzima.

"Si mkono!" alisema. "Mama watoto, umesikia? Si mkono wangu!"

"Nimesikia," alisema mkewe, na akacheka pia kwa sababu ya kumwona anacheka.

Binti hakucheka. Baba yake akamtazama, akatazama tena kile kilichokuwa kiganjani, na kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo, kama maji yanavyozama mchangani. Akaurudisha mkono chini. Akakaa kwenye kigoda.

"Umekwenda stoo," alisema.

"Ndiyo."

"Umeona daftari."

"Ndiyo, Baba."

Mama alisimamisha cherehani. "Hebu nielezeni na mimi, nisiwe kama mgeni kwenye nyumba yangu."

Mume alimweleza. Alimweleza polepole, bila kujitetea: washa zilivyoisha, wingu, kiunzi cha kukodi, na yeye alivyosema zifungwe. "Ni kama kushona kifungo kizito kwenye kitambaa chepesi," alimalizia. "Uzi mzima, kifungo kizima, ila kitambaa ndicho kinachojivuta mpaka kinachanika."

"Na nani anajua?"

"Sisi. Na mtu wa stoo."

Mama alisema kwa sauti ya chini, "Bega halina kosa, mume wangu. Watu wamelikubali. Unamaliza mwaka wako, unapumzika kwa heshima. Mtoto amwambie injinia washa zimeharibika, zibadilishwe. Lazima aseme nani alizichagua?"

"Fomu ina mstari huo, Mama," binti alisema. "Nikiuacha wazi, watamuuliza mtu wa stoo. Daftari liko kwake, lakini ana watoto wanne na hana wa kumtetea pale, ataogopa kulionyesha, lawama zimwangukie. Nikiujaza..." Aligeuzia macho barabarani ambako watoto walikuwa wakicheza kombolela.

Mzee Kaza alikuwa akiigeuza washa vidoleni. "Miaka yote hii," alisema, "nimewafokea vijana kwa kitu hiki hiki. Nati ya daraja moja na boliti yake. Washa ngumu chini ya nati inayozungushwa. Usipake mafuta boliti ambayo kipimo chake ni cha boliti kavu, utaivuta mpaka ikatike. Najua, kama ninavyojua jina la mama yangu. Halafu siku moja nikaona wingu."

"Ulikuwa umechoka," mkewe alisema.

"Sikuwa nimechoka. Nilijiona nimezidi kanuni." Alisimama. "Mkaguzi."

Hakuwahi kumwita hivyo nyumbani.

"Naam, Fundi."

"Usiandike lolote mpaka kesho saa mbili. Mficha uchi hazai. Nitasema mwenyewe."

Mama aliirudisha sindano kwenye pindo. Mshono ukaenda upande, akaufumua akaanza upya.

* * *

Alhamisi saa mbili mafundi walikusanyika chini ya mnara kugawana kazi. Injinia alikuwa na karatasi zake, mkunga mkuu alikuwa amekuja kuulizia kama awaambie wasaidizi wake waache ndoo, na kile kiti kilikuwa tayari kimetolewa nje, kimefutwa vumbi, kinamsubiri mwenyewe.

Mzee Kaza hakukikalia.

"Nina neno," alisema. "Jumatatu mlisema ni bega langu, nikanyamaza. Si bega. Miguu hii miwili nimeifungia washa za kufungia mabati. Ziko laini, zinabonyea, nati zinalegea. Mtu wa stoo alinionya, mimi nikasema zifungwe. Jina langu liko kwenye daftari. Msijaze maji. Tangi hili likijazwa, siku moja litakuja chini."

Akamkabidhi injinia ile washa. Redio alikichukua kile kiti, akakirudisha ofisini.

Injinia aliitazama washa muda mrefu. Ile sauti ya kubembeleza ilikuwa imemtoka. "Ulijua kwamba hazifai?"

"Nilijua."

"Na Jumatatu, nilipokuwa nakuambia ni umri?"

"Jumatatu sikukumbuka washa. Nilikuwa nalisikiliza bega. Lakini ningepaswa kukumbuka."

"Fundi," injinia alisema, na watu wakaona kwamba 'mzee wangu' imekwisha, "kuanzia sasa husimamii kazi hii. Nitaandika barua juu. Watakachoamua, wataamua."

"Ni haki."

Ila mkunga mkuu ndiye aliyemuumiza. Hakupaza sauti. Alimsogelea, akamwonyesha viganja vyake, vyote viwili, vimekakamaa kwa vishikio vya ndoo. "Lini sasa?" aliuliza.

"Washa ngumu zitafika baada ya siku sita. Kuzibadilisha moja moja, siku nne. Siku kumi, mama."

"Siku kumi. Kwa siku kumi hapa huzaliwa watoto ishirini na zaidi." Akaondoka. Baada ya hatua chache akageuka. "Lakini afadhali umesema," aliongeza, kwa hasira ile ile.

* * *

Barua ilirudi siku ya tano. Hakufukuzwa. Alishushwa cheo, akawa fundi wa kawaida mpaka mwaka wake uishe, na usimamizi wa kubadilisha washa akapewa mkaguzi, yaani binti yake, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyezijua zile boliti moja moja. Mafundi walitafuta namna ya kufanya jambo hilo lisiwe gumu, wakashindwa. Asubuhi ya kwanza binti alikuwa anagawa kazi, akafika kwa baba yake, akashusha macho kwenye karatasi.

"Nipange," Mzee Kaza alimwambia. "Mimi ni fundi kama hawa."

"Shika spana ya chini, Fundi. Mguu wa tatu."

"Sawa, Mkaguzi."

Waliutegemeza mguu kwa nguzo, wakatoa boliti moja, wakaikagua kama haijavutika, wakaweka washa mpya, nene, yenye kung'aa, wakaifunga, ndipo wakaenda ya pili. Mzee alikuwa anashika kichwa cha boliti kisizunguke, binti anavuta kipimo. Siku ya kwanza hawakuzungumza ila kazi. Siku ya pili Redio alifunguka tena, akaanza kutangaza kila nati kama mpira: "Ya ishirini na tisa, imeliaaa!" Na kila spana ilipolia watu walishangilia, hata Mzee Kaza akatabasamu.

Siku ya nne zilibaki mbili. Binti alishusha spana ya kipimo, akampa baba yake.

"Jaribu hii."

Alijua alichokuwa anampa. Baba yake naye alijua. Alishika mpini kwenye ncha, akapanga miguu, akavuta. Nati ikaenda, ikaenda, ikawa nzito, ikasimama. Spana haikulia. Akapumua, akavuta mara ya pili, mishipa ya shingo ikamtoka, uso ukabadilika rangi, bega likaanza kutikisika. Haikulia. Binti akageuza uso, akajifanya anatafuta chaki.

"Usitazame pembeni," Mzee Kaza alisema, akihema. "Mkaguzi hatazami pembeni."

Binti akamgeukia.

"Kumbe na mkono nao," alisema baba yake. Alilitazama bega lake la kulia kama mtu anayemtazama rafiki aliyemdanganya kwa muda mrefu kwa nia njema. Halafu akasogea, akamshika binti mikono yote miwili akaiweka kwenye mpini, mahali palipokuwa na joto la mikono yake. "Vuta wewe. Uzito wa mwili, si wa mkono. Usirushe, vuta."

Akavuta. Ta!

"Andika," alisema Mzee Kaza.

* * *

Tangi lilijazwa Jumatatu iliyofuata. Pampu ilianza asubuhi, na mpaka adhuhuri maji yalikuwa yamefika juu. Injinia alizunguka kila mguu, binti akajaribu nati zote sitini na nne, akashuka na chaki yake haijaguswa. Ndani ya zahanati mtu alifungua bomba, pakasikika vifijo vya wanawake, na sauti ya mkunga mkuu ikiwakemea kwamba kuna watoto wamelala.

Hata hivyo hakuna aliyekaa chini ya mnara. Habari zilikuwa zimeenea mtaani, na akina mama waliokuja kliniki walijibanza kwenye ukuta, juani, wakiutazama kwa pembe ya jicho.

Mke wa Mzee Kaza alifika na chakula saa saba. Alimtafuta mumewe ofisini, akamtafuta stoo, mwishowe akamwona amekaa peke yake juu ya msingi wa zege, katikati ya ile miguu minne, anajifuta mikono kwa tambara. Alisimama nje ya kivuli, bakuli mkononi.

"Tutakula huku chini?" aliuliza.

"Huku huku."

Mama aliinua macho. Tani ishirini zilikuwa juu ya kichwa cha mumewe, na tone moja lilikuwa likining'inia kwenye tumbo la tangi, likisita. Alilitazama mpaka likadondoka. Kisha akaingia kivulini, akamwambia mumewe asogee kidogo, akaketi.